SOMO LA ROBO HII: KUMCHAGULIA KIJANA VIFAA VYA KUVULIA MTONI



Maombi ya miradi kutoka vijiji vya kando ya mito mara nyingi huwa na mstari huu: "Tunaomba nyavu kwa ajili ya vijana." Nia ni njema. Kijana amemaliza shule, kazi ya shamba la mpunga ni ya msimu, nyumbani hakuna kitoweo, na mto uko pale pale. Hata hivyo, katika somo hili tunawashauri kwamba kijana anayeanza apewe kwanza ndoano na mshipi. Wavu usubiri. Tutatumia mfano wa Mto Kilombero, ule unaoungana na Luwegu na kuwa Rufiji, lakini mengi ya haya yanafaa hata kwenye mito mingine.

Sababu ya kwanza ni fedha. Wavu ukinaswa na kisiki siku ya kwanza, mtaji wote umechanika. Ndoano ikinaswa, kijana anakata uzi na kufunga nyingine. Sababu ya pili ni samaki wenyewe. Perege jike hutunza mayai na watoto wake mdomoni, na wavu wa matundu madogo huzoa mama na vifaranga pamoja. Nyavu za timba na makokoro yanayokokotwa mtoni ni marufuku, na kijana mgeni katika kazi hii huuziwa vitu hivyo kwa urahisi kwa sababu ni rahisi kupatikana. Chandarua cha mbu ni kibaya zaidi, maana dawa iliyomo ni sumu kwa samaki, na mtoto aliyepaswa kulala ndani yake anabaki na malaria. Hata katika Injili, ambako nyavu zimetajwa sana, kuna siku Petro alitumwa na ndoano tu (Mathayo 17:27). Naye alikuwa mzoefu!

Sasa tuangalie vifaa. Hapa kamati nyingi hutaka kujua bei tu, lakini afadhali kuanza na samaki anayetafutwa. Perege ana mdomo mdogo. Anahitaji ndoano ndogo, namba 8 hadi 12. Kambale ana mdomo mpana na nguvu nyingi, hivyo ndoano yake ni namba 2 au 1, au zile zinazoandikwa 1/0 na 2/0. Angalieni namba hizi vizuri dukani. Kwa ndoano za kawaida namba ikipanda ndoano inapungua, kwa hiyo namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Zikiwa na sifuri baada ya mkwaju, mambo hugeuka: 2/0 ni kubwa kuliko 1/0. Ndoano ndiyo kitu cha kutofanyia ubahili. Jaribuni moja kwa koleo kabla ya kununua boksi zima. Inayonyooka kwa urahisi itanyooka pia kwa kambale.

Uzi wa nailoni wa milimita 0.30 hivi unatosha kwa perege. Kwa kambale chukueni wa 0.50. Jua huudhoofisha, kwa hiyo msinunue ule uliokaa miezi kwenye dirisha la duka, na kijana auhifadhi kivulini. Fundo nalo lina kanuni zake. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe juu yake wenyewe mara 5, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, kisha kaza polepole. Fundo lililokazwa likiwa kavu hujiunguza na kukatika, na kijana hudhani uzi ulikuwa mbovu.

Vilivyobaki havihitaji fedha za mfadhili. Mwanzi uliokomaa, wa mita 3 au 4, ukikaushwa kivulini wiki kadhaa huwa mwepesi na imara. Uzi usifungwe kwenye ncha peke yake. Uanze katikati ya mwanzi, upande hadi nchani na kufungwa tena, ili ncha ikivunjika samaki asiondoke na kila kitu. Kipande cha kandambili kuukuu ni chelezo kizuri. Kuhusu chubwi tungeomba msitumie risasi, kwani ni sumu na watoto huipasua kwa meno. Nati ya baiskeli inafanya kazi ile ile. Chambo ni nyungunyungu au donge la ugali kwa perege, na utumbo wa kuku kwa kambale. Asiye na mwanzi anaweza kuzungushia uzi kwenye chupa ya plastiki na kurusha kwa mkono.

Marafiki wetu wa mbali huuliza kama watume fimbo za kiwandani zenye kigurudumu cha kuzungushia uzi. Tunashukuru, lakini hapana. Mchanga ukiingia kigurudumuni, spea haipatikani kijijini, na kifaa hicho huishia juu ya kabati. Fedha ya usafirishaji wake ingenunua ndoano za vijana wengi.

Tumeliacha nyuma jambo zito kuliko yote kwa sababu linahitaji nafasi. Mito hii ina mamba na viboko. Msimpe kijana ndoano hata moja kabla hajafundishwa mahali pa kusimama. Asiingie majini, hata maji ya kifundo cha mguu. Mwanzi mrefu una faida hapa: unamwezesha kusimama hatua kadhaa nyuma ya ukingo. Asirudi mahali pale pale saa ile ile kila siku, kwa sababu mamba hujifunza mazoea ya watu. Samaki wasisafishwe ukingoni. Njia ya viboko ya kutoka majini kwenda malishoni isizibwe. Kambale hula zaidi usiku, ni kweli, lakini kijana anayeanza avue mchana, na asiwe peke yake kamwe. Maji yaliyotuama yana kichocho pia, kwa hiyo kubaki nchi kavu kunamlinda mara mbili. Vilevile, kwa miezi ya mwanzo, kijino cha ndoano kibanwe kwa koleo. Samaki wachache watachomoka, lakini ndoano ikiingia kidoleni itatoka bila kurarua nyama. Bado aende zahanati kwa ajili ya pepopunda.

Pia kumbukeni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na uvuvi usichukue saa za shule. Kabla ya kugawa vifaa, muoneni afisa uvuvi na viongozi wa BMU kuhusu leseni na maeneo. Bonde la Kilombero liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, na sehemu zake zilizo ndani ya hifadhi zina masharti yake.

Kwa mazungumzo ya kamati: Ni mzee gani mvuvi katika kigango chenu aliye tayari kukaa na vijana wawili watatu kwa msimu mmoja? Ni sehemu zipi za ukingo ambazo yeye mwenyewe hathubutu kusimama? Ndoano na uzi vinauzwaje katika duka la karibu nanyi? Majibu ya maswali haya yaandikwe kwenye fomu ya maombi, na jina la huyo mzee litangulie orodha ya vifaa.