Roho Juu: Filimu Inatungojesha Namna Gani?



Mnakumbuka ile siku ya posho jioni katika sale. Kamyo ilikuwa inarudi nyuma pole pole juu ya mbao zilizooza, na bonde kubwa chini yake. Palepale mafuta ya motere yakaisha. Giza! Watu wote walipiga kelele, lakini hakuna aliyekwenda kulala. Hata wadogo wa mwaka wa kwanza, ambao kila siku wanasinzia mapema, walikaa kwenye mabanki lisaa lizima mpaka mafuta yakapatikana. Sisi tuliokaa nyuma tukaulizana: ni kitu gani kimewakamata hivi? Kamyo si ya baba yao. Wale madereva hawawajui. Basi tumelitafuta jambo hili, na leo tunawaletea somo lake.

1. Kushtuka si kungoja

Alfred Hitchcock, mtengenezaji wa filimu aliyezaliwa London mwaka 1899, alieleza jambo hili vizuri alipozungumza na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Tulieleze kwa namna yetu. Watu wawili wanakaa mezani, wanazungumza maneno ya bure. Ghafula bomu linapasuka chini ya meza. Sisi watazamaji tunashtuka kidogo tu, halafu imekwisha. Sasa tuanze upya. Mara hii tumeonyeshwa kwanza mtu anaficha bomu, na tunajua litapasuka saa saba kamili. Saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasoro dakika kumi na tano. Wale wawili wanasema maneno yaleyale ya bure, lakini sisi tunataka kulia, “Ondokeni!” Kushtuka kumetupa muda mfupi sana, kungoja kumetupa dakika kumi na tano.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: mtazamaji ajue kitu ambacho yule wa ndani ya filimu hakijui. Wengi wanafikiri kwamba woga unatoka katika kuficha kila kitu. Hapana. Mara nyingi unatoka katika kuambiwa mapema.

2. Saa na njia

Ile filimu ya kamyo ni ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1953, na jina lake ni Le Salaire de la peur, maana yake Mshahara wa Woga. Wanaume wanne wanapeleka nitrogliserini kwa kamyo mbili, kusudi kisima cha petroli kinachowaka moto kizimwe. Tunaambiwa mapema kwamba dawa hiyo ikitikiswa tu, inapasuka. Tangu hapo Clouzot hana haja ya kuleta jini wala simba. Kila jiwe la barabara limekuwa adui. Sisi watu wa Punia tunaelewa upesi kuliko wengine, maana tunajua namna kamyo inavyolia katika matope, na namna abiria wanavyonyamaza ikifika kwenye daraja la miti.

Wengine wanatumia saa. Katika High Noon, filimu ya Fred Zinnemann ya mwaka 1952, adui anafika kwa treni ya saa sita ya mchana, na mara kwa mara tunaonyeshwa saa. Filimu yenyewe inachukua muda karibu sawa na ule wa habari inayosimuliwa. Kwa hiyo tunangoja dakika zilezile ambazo yule askari anangoja.

3. Kitu kidogo kuliko kikubwa

Mliona pia namna kamyo moja ilivyopotea? Mtu mmoja katika kamyo ya nyuma anakunja sigara. Ghafula upepo unapeperusha tumbaku kutoka kwenye karatasi. Halafu mwangaza mbele. Ni hivyo tu. Hatukuonyeshwa wenzao wakifa, na kwa sababu hiyo tuliwaona zaidi, kila mtu kwa mawazo yake.

Sauti nayo inafanya kazi. Katika Psycho, ya mwaka 1960, Hitchcock alitaka kwanza mauaji ya bafuni yasiwe na muziki. Bernard Herrmann akaandika muziki wa vinanda vya nyuzi peke yake, vinavyolia kama chuma kikikwaruzwa. Hitchcock aliposikia akakubali. Lakini kimya kinaweza pia kufunga roho, kama kikija baada ya kelele.

4. Mfano wa karibu na sisi

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 1951 John Huston alikuja hapa Kongo kutengeneza The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu moja waliipiga kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, unaoitwa leo Ubundu, na nyingine kule Uganda. Maji ya Ruiki yanaingia Lualaba, sawa na Lowa yetu.

Katika filimu hiyo, ndugu ya misionari na fundi wa mashua wanashuka mto kutafuta ziwa. Mashua inakwama katika majani na matope. Wamechoka kabisa, yeye mwanamke anaomba, wanalala wakingoja kufa. Hapo kamera inapanda juu, na sisi tunaona ziwa liko karibu, hatua chache tu! Wao hawajui. Halafu mvua inanyesha mbali, maji yanajaa, mashua inaelea. Mnaona kwamba kanuni ni ileile ya bomu, lakini kilichofichwa ni wokovu. Roho inaweza kukaa juu kwa sababu ya tumaini vilevile.

5. Deni la anayengojesha

Hitchcock alikiri kosa moja. Katika Sabotage, ya mwaka 1936, kijana anabeba bomu bila kujua. Tunangoja, tunangoja, tukiwa tumekwisha kumpenda, na bomu linamwua. Watazamaji walikasirika, na yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hakupaswa kufanya vile. Anayemngojesha mwenzake ana deni kwake.

Neno hili lilituchoma sisi wakubwa wa wanafunzi. Kuna mdogo mmoja tuliyemwambia siku ya kwanza ya juma, “Ngoja, tutaona maneno yako,” juu ya ndoo iliyopotea. Ndoo ilionekana kesho yake. Sisi tulijua, yeye hakujua. Tukanyamaza mpaka siku ya tano, kusudi atuogope. Alikuwa anaacha chakula chake. Bomu halikuwako, lakini yeye alilisikia chini ya kiti chake siku zote hizo. Na pale hapakuwa filimu, wala hakulipa ili aogopeshwe. Tumekwisha kumwomba msamaha, na tumepatana hivi: tangu sasa, mwenye kosa ataambiwa neno lake siku ileile, na asiye na kosa ataambiwa upesi zaidi.

Maulizo ya kujifunza

a) Wazee wetu wakisimulia hadithi jioni, wanakatiza wapi kusudi tuombe waendelee? Leteni mfano mmoja.
b) Andikeni habari ya mtu anayevuka Lowa kwa mtumbwi unaovuja. Msomaji ajue juu ya tundu mbele ya mvukaji. Mistari 20 tu.
c) Ni nani anayekungoja leo umwambie neno unalolijua tayari?

Ulizo la tatu msitupe majibu yake. Mpeni yule anayengoja.

Sisi wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho