Tukiomba Rekodi za Serikali

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo swali ni lile lile: pesa za kisima zilienda wapi? Tukienda ofisini tunaambiwa faili ni siri, basi tunarudi nyumbani kimya. Ndugu zetu, Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya mwaka 2016 inaonyesha njia.

Kosa letu ni kuuliza kwa mdomo halafu kungoja. Tuandike barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkuu wa ofisi. Tusiandike "tunataka kujua mambo ya kisima". Hapo tutazungushwa tu. Tuandike: "Tunaomba nakala ya mkataba wa kisima cha kijiji fulani, na hati za malipo ya mwaka fulani." Si lazima kutoa sababu, hata wakituuliza mara kumi. Mama asiyejua kuandika aseme ombi lake. Ofisa lazima amwandikie na kumpa nakala. Kuomba ni bure, tunalipia kopi peke yake.

Nakala yetu ya barua ipigwe muhuri wa tarehe. Siku 21 zinahesabiwa tangu barua ipokelewe, au masaa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. Wakinyamaza, sheria inahesabu wamekataa, na tuna siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Twende na ile nakala yenye muhuri.