Mgongo Unauma? Usijifungie Kitandani

Kiuno kikikaza asubuhi, wengi hurudi kulala, na watu wa nyumbani humkataza mgonjwa hata kushika ufagio. Wanamwonea huruma, lakini kulala siku nyingi humchelewesha kupona. Misuli inalegea, viungo vinakakamaa, na hofu ya kuinama inakua. Kati ya watu 10 wenye maumivu ya chini ya mgongo, karibu 9 hawana ugonjwa mahususi unaoweza kutajwa kuwa chanzo. Kwao, kuumwa wakati wa kutembea hakumaanishi kwamba mgongo unaharibika.

Anza kutembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Maumivu yakipanda kidogo kisha yakatulia, endelea. Yakiwa bado makali kesho yake, punguza, lakini usiache. Kufua, kudeki na kupalilia navyo ni mazoezi. Pumzika katikati na ubadilishe mkao. Badala ya ndoo moja iliyojaa, beba madumu mawili madogo, moja kila mkono. Mkanda wa kiuno usiutegemee: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauupendekezi kwa maumivu sugu ya mgongo. Mazoezi unayapendekeza.

Kusimama imara

Kusimama bila kuyumba husahaulika sana. Misuli iliyo kandokando ya uti wa mgongo huujulisha ubongo mwili umeegemea wapi. Maumivu yakidumu, taarifa hizo zinaweza kuvurugika, na mtu akazidi kutegemea macho. Ndiyo maana baadhi huyumba bafuni wakifumba macho kwa sababu ya sabuni, au usiku wakienda choo cha nje bila tochi.

Uwezo wa kusimama imara unafundishika. Simama pekupeku kwenye sakafu kavu, karibu na meza nzito. Bana miguu pamoja, hesabu hadi 10. Ukishazoea, weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Baadaye inua mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa meza kidogo tu. Usifumbe macho ukiwa peke yako. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanahitaji mazoezi ya aina hii angalau siku 3 kwa wiki, hata wasioumwa mgongo. Tafadhali, kijana wa nyumbani asimame kando ya bibi au babu.

Usisubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo mkojo ukigoma kutoka, mkojo au haja kubwa ikikutoka bila kujua, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukikosa nguvu. Wahi pia kama umeanguka vibaya, umewahi kuugua saratani, au una homa, jasho la usiku na unakonda. Homa, jasho na kukonda huko huweza kuwa dalili za kifua kikuu, ambacho hushambulia hata uti wa mgongo na kina dawa zinazokiponya.