Viungo na Mitishamba ya Kibanjani Nyakatuntu: Kuotesha, Kutumia na Kujua Mpaka

Utangulizi

Kata ya Nyakatuntu imo katika Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kama ilivyo kwa Wanyambo na Wahaya wengi, kaya huishi ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Karibu na jiko ndipo huota mchaichai, tangawizi, kivumbasi, mshubiri na mubilizi.

Mimea hiyo ina manufaa ya kweli. Lakini Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mzazi anayeamka usiku na kumkuta mtoto ana homa huwa na majani karibu kuliko zahanati. Makala haya yanaeleza namna ya kuotesha na kutumia mimea hii, kisha yanaonesha mahali ambapo kikombe cha majani kinapaswa kuipisha dawa.

Kuotesha na kuhifadhi

Mvua za Kagera huwa na misimu miwili mikuu: Septemba hadi Desemba, na Machi hadi Mei. Mwanzo wa mvua ndio wakati mwafaka wa kupanda.

Tangawizi na manjano hustahimili kivuli kiasi, hivyo hufaa chini ya migomba. Chagua tunguu zima lisilooza, ulikate vipande vyenye jicho moja au mawili, uviache siku moja au mbili ili sehemu zilizokatwa zikauke. Panda katika kina cha sentimita 5, kwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30, kisha tandaza majani makavu ya migomba. Maji yakituama, matunguu huoza. Tangawizi hukomaa baada ya miezi 8 hadi 10, majani yake yanapogeuka manjano na kunyauka.

Mchaichai hupenda jua. Hupandwa kwa kugawanya shina lenye mizizi, nao hushika udongo vizuri kwenye kingo za matuta ya mteremko. Kivumbasi na giligilani huoteshwa kwa mbegu. Kata vichwa vya kivumbasi kabla havijachanua, nacho kitaendelea kutoa majani.

Majani ya kuhifadhi yakaushwe kivulini, juu ya chekeche au mkeka ulioinuliwa kutoka ardhini. Yakiota ukungu, yatupwe. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Matumizi ya jikoni

Faida ya kwanza ya viungo ni kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo ndani ya vyakula vilivyotengenezwa. Maharage yaliyopikwa kwa kitunguu saumu, giligilani na tangawizi huwa na ladha hata chumvi ikipunguzwa, jambo lenye maana kubwa kwa mwenye shinikizo la juu la damu.

Tangawizi husaidia kutuliza kichefuchefu. Vipande vichache vyembamba katika kikombe cha maji ya moto vinatosha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizidishe tangawizi, kitunguu saumu wala manjano kupita kiasi cha kawaida cha chakula bila kumwuliza daktari. Chai ya mchaichai yenye asali hulainisha koo, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Utomvu mchungu wa mshubiri huendesha tumbo kwa nguvu, kwa hiyo mjamzito asiunywe.

Mubilizi na tamaa ya kutibu homa

Uchungu wa mubilizi umevuta macho ya wengi. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, watafiti walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha tawi la mmea huohuo, ambao kwa kawaida sokwe hawauli sana. Nao wanasayansi wa Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, waliorodhesha mimea inayotumiwa na waganga wa jadi wa Bugabo na Katoro, mkoani Kagera, katika makala zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010. Ujuzi wa wazee unastahili heshima na uchunguzi. Hata hivyo, mmea kuorodheshwa si sawa na dozi yake kujulikana.

Mfano bora ni atemisia. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake nchini China walitenga atemisinini kutoka katika mmea huo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Leo kiini hicho ndicho msingi wa dawa mseto kama ALu. Lakini kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, na maji ya moto hutoa kiasi kisichotabirika. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai au majani ya atemisia.

Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa tahadhari hii ina uzito wa pekee. Utafiti uliofanyika Karagwe mwaka 2022 ulionesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vimelea vilichelewa kuisha mwilini, navyo vilibeba badiliko la kijeni liitwalo R561H, lililokwisha kuripotiwa katika nchi jirani ya Rwanda. Dawa mseto bado ziliwaponya wagonjwa walio wengi sana. Dozi hafifu ya atemisinini, hata ikitoka katika kikombe cha chai, huua vimelea dhaifu na kuviacha vilivyo sugu vizaliane.

Mambo ya kushika

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa takriban dakika 15 hadi 20. Akiandikiwa ALu, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, akizimeza pamoja na chakula au maziwa, kwa maana mafuta huisaidia dawa kufyonzwa.

Degedege, kulegea, kushindwa kunyonya au kutapika kila kitu ni dalili za hatari: mpeleke kituo cha afya papo hapo, bila kusubiri chai ichemke. Mweleze mhudumu mitishamba yote aliyokwisha kunywa, wala usione haya, kwa kuwa taarifa hiyo humsaidia kuchagua tiba salama.

Bustani iendelee kustawi. Itulishe, itulainishe koo na kutupunguzia chumvi. Malaria tuiachie kipimo na dawa kamili.