Kichocheo cha Neva Kinapozeeka: Kibadilishwe au Kiachwe?

Mwaka 1988, nchini Marekani, binadamu alipandikizwa kwa mara ya kwanza kichocheo cha neva ya vagasi ili kupunguza kifafa kisichotulizwa na dawa. Mwaka 1997 chombo hicho kiliidhinishwa huko kwa matibabu. Tangu hapo wagonjwa wengi wamekabiliwa na swali gumu: betri inapokaribia kwisha, je, wapasuliwe tena?

1. Umbile la chombo

Kijisanduku chenye betri na saketi huwekwa chini ya ngozi ya kifua, kwa kawaida upande wa kushoto. Waya hutoka humo hadi shingoni na kuizunguka neva ya vagasi, ambayo hupitisha habari baina ya ubongo na viungo kama vile moyo na tumbo. Mapigo madogo ya umeme hupita katika waya huo.

2. Hesabu ya betri

Tuseme chombo hutoa mapigo 30 kila sekunde, kwa sekunde 30, kisha hupumzika dakika 5. Mzunguko mmoja ni sekunde 330, nao hutoa mapigo 900. Siku ina sekunde 86,400; basi mapigo ya siku ni 86,400 ÷ 330 × 900, yaani takriban 236,000. Mapumziko yakiwa dakika 3, mapigo hufikia takriban 370,000. Ndiyo sababu betri za wagonjwa wawili hazidumu muda ulio sawa.

3. Uamuzi

Tuchukue mfano. Mgonjwa aliyekuwa akishikwa na kifafa mara 12 kwa mwezi sasa hushikwa mara 5. Je, nafuu hiyo imeletwa na chombo? Huenda dawa nazo zilibadilishwa. Hivyo daftari lake la kifafa lilinganishwe na tarehe za kila badiliko la dawa na la chombo.

Mtu aweza kusema: "Kizimwe kwanza, tuone." Kama jaribio la kisayansi, shauri hilo ni zuri, lakini gharama yake hulipwa na mgonjwa, ambaye huenda akaanguka motoni au majini. Kwa hiyo, penye nafuu iliyo dhahiri, kijisanduku hubadilishwa kabla betri haijaisha. Waya ukiwa mzima huachwa mahali pake, na upasuaji huwa mdogo kuliko ule wa kwanza, ingawa hatari ya maambukizo ipo. Ukinzani ukipimwa na kuonekana mkubwa mno, huenda waya umekatika. Hapo kazi ya shingoni huwa ngumu zaidi.

Ikiwa miaka imepita bila nafuu yoyote, kutobadilisha ni uamuzi wa busara pia. Betri iliyochoka hutuambia wakati wa kuuliza umefika. Jibu limo katika daftari la mgonjwa na katika hiari yake.

Zoezi

1. Kokotoa mapigo ya siku moja ikiwa mapumziko ni dakika 10.
2. Kwa nini daftari la mwezi mmoja halitoshi kuamulia?