Mapaja Yako Si Mkanda, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, leo sogea karibu kidogo, nina neno la moyoni. Nazungumza nawe uliye na mtoto wa kunyonya na safari haziishi: leo kliniki, kesho Meru harusini, mwezi ujao Archer's Post kwa nyanya. Nikikuuliza mtoto atakaa wapi garini, utanijibu upesi, tena kwa fahari, "Nitampakata mwenyewe." Sikulaumu. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotulea, na ukipita mtaa wetu wa Bulla Pesa na mtoto mgongoni, hakuna mahali penye usalama kushinda hapo.

Lakini gari ni jambo jingine. Chukua mwendo mdogo tu, kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga kitu likasimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anakuponyoka kwa nguvu inayofika kama kilo 200. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi, yanayokujia kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuyashika, hata ungempenda mwanao kuliko roho yako. Na hapa kwetu nani anaenda 50? Tangu lami ifike hadi Moyale, barabara imenyooka na mguu umekuwa mzito kwenye mafuta, na ngamia naye anavuka anapotaka. Ukipanda Subuiga kwenda Nanyuki utakuta malori, kona na mteremko.

Najua utakachoniambia: ajali haina kinga. Mdogo wangu, methali hiyo tumeifanya mto wa kulalia. Kugongwa huenda usikuzuie, lakini kuumia kuna kinga. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kikitumiwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga garini kwa takriban asilimia 70. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, duniani kote. Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia kwa sababu bado una nafasi ya kufanya kitu.

Sasa, sheria. Wengi wenu mnadhani kama polisi wa kizuizi cha barabarani hajauliza, basi mambo ni sawa. Mama yako atakumbuka Februari 2004, wakati Waziri John Michuki alipobana matatu: mikanda kila kiti, kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80. Watu walilalamika, kisha wakafunga. Mwaka 2017 Sheria ya Trafiki ikarekebishwa, magari ya shule yakatakiwa kupakwa rangi ya njano na kuwa na mikanda inayowafaa watoto. Kwa hiyo mwanao akipanda basi la shule, una haki ya kuingia ndani uangalie ule mkanda kwa macho yako. Wala usione haya kumuuliza mwalimu mkuu. Mtoto ni wako.

Ila kwa gari la nyumbani sheria yetu bado haijamwambia mzazi waziwazi mtoto wa umri huu au urefu huu akae kwenye kiti gani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza viti maalumu hadi mtoto afike miaka 10 au sentimita 135. Sheria yetu ikichelewa, wewe usichelewe nayo. Huko Japani, yanakotoka magari mengi tunayoendesha, kiti cha mtoto aliye chini ya miaka 6 ni lazima tangu Aprili 2000. Gari lilitengenezwa kwa nchi inayomfunga mtoto, likafika kwetu mtoto akasimamishwa katikati ya viti viwili vya mbele aone njia. Hilo la kusimamisha mtoto linaniumiza kuliko yote. Tafadhali, acha leo.

Ukienda kununua kiti, tulia. Rahisi ni ghali. Kiti kizuri kina lebo. Kilichopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kina lebo yenye herufi E ndani ya duara na nambari ya kanuni: 44 ni ya zamani, inayopima kwa kilo, 129 ni mpya, inayopima kwa urefu, na inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Kama jamaa amekutumia kutoka Marekani, tafuta maneno yanayosema kimetimiza viwango vyote vya serikali yao vya usalama wa magari, na ugeuze chini uone tarehe ya kuisha. Kisicho na lebo, mdogo wangu, ni pambo tu. Cha mitumba nacho usikichukue kama hujui kilikotoka. Kilichowahi kuwa kwenye ajali, au chenye ufa, au chenye mkanda uliochakaa, kiache hapo hapo hata wakikupa bure.

Kwa nini atazame nyuma? Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake bado laini. Akitazama nyuma, kiti kinapokea pigo lote la mgongo na kichwa kwa pamoja. Akitazama mbele, shingo ndiyo inayolipa. Na kiti kinachotazama nyuma usikiweke kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka. Utagonga kwa nguvu mgongo wa kiti chake, pale penye kichwa cha mtoto. Mweke nyuma.

Joto la hapa kwetu nalo husahaulika upesi: gari likikaa juani, kifungo cha chuma cha mkanda kinachoma. Funika kiti kwa leso ukiegesha, na uguse kwanza kwa mkono wako. Wala usimwache mtoto ndani hata dakika moja ya kukimbilia dukani.

Utaniambia, "Dada, mimi sina gari, napanda matatu." Najua, na hapo ndipo penye uchungu, maana mtoto wa kupakatwa halipi nauli. Ukiweza, lipia nafasi yake na ufunge kiti chake hapo. Aliyekua vya kutosha akae peke yake, mkanda upite chini, kwenye nyonga, usipite tumboni. Ukishindwa kabisa, funga mkanda wewe, mtoto awe nje ya mkanda huo, na usikubali kiti cha mbele wala kile kibao cha sambaza kinachowekwa katikati ya viti. Hiyo si salama, ni nafuu tu. Lakini kumfunga mtoto pamoja nawe kwa mkanda mmoja usifanye: gari likigonga, mwili wako ndio utakaomponda.

Halafu kuna kilio. Atalia, atajikunja kama upinde, na nyanya aliye nyuma atasema, "Mtoe huyo mtoto, mnamtesa." Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mjibu nyanya kwa heshima, mwambie tutasimama pale mbele, kisha usimame kweli, umnyonyeshe, umrudishe kitini. Baada ya safari chache atazoea. Watoto huzoea kuliko sisi.

Na kabla ya kuondoka, shika kiti kwa chini, pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikisogea zaidi ya inchi moja, fungua, kikandamize kwa goti, ufunge upya. Kisha jaribu kubana kwa vidole ule mkanda wa begani kwa mtoto. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea, kaza tena.