Oksijeni kwa Mgonjwa wa Upasuaji

Mara nyingi tumesikia wodini maneno haya: "Ameshawekewa oksijeni, basi tena." Ndugu wakiona mpira puani mwa mgonjwa huanza kulia, na wengine huuondoa kwa siri wakidhani ndio unaomvuta roho. Kuuondoa huko kunaweza kuleta msiba ambao haukuwapo, ndiyo maana mwezi huu tunalizungumza jambo hili.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa kisiwa cha Bwejuu, Mafia, mwenye busha. Busha si jambo geni huko. Kazi ya kugawa dawa za matende kwa watu wote nchini Tanzania ilianzia Mafia mwaka 2000. Lakini vidonge haviondoi busha lililokwisha kukua. Mvuvi huyu hana budi kupanda mashua mpaka Kilindoni, kwenye hospitali ya wilaya, akapasuliwe. Akichomwa sindano ya mgongo, akafa ganzi kiunoni kwenda chini huku anaongea na kupumua vizuri, huenda asihitaji oksijeni hata kidogo. Asidhani amenyimwa.

Mtu wa nusu kaputi ni habari nyingine. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu. Dawa ya usingizi hulegeza misuli ya kupumua, na sehemu za chini za mapafu hunywea kama puto lililopungua upepo. Kwa hiyo kabla ya kulala, mgonjwa huvutishwa oksijeni kwa dakika kama 3. Mvuvi wa kuzamia ataelewa upesi, kwani naye hujaza kifua kabla ya kwenda chini. Akiba hiyo humpa mtoa usingizi muda wa kuingiza mpira kooni bila ubongo kukosa hewa.

Kidonda nacho kinaihitaji. Chembe nyeupe za damu hutumia oksijeni kuua vijidudu, na nyama mpya haiungi vema bila hiyo. Je, mgonjwa akipewa nyingi zaidi atapona vizuri zaidi? Mwaka 2000 uchunguzi wa Austria na Ujerumani, kwa wagonjwa 500 waliopasuliwa utumbo, ulionyesha kwamba waliopewa oksijeni asilimia 80 waliambukizwa vidonda kwa nusu tu ya wale wa asilimia 30. Mwaka 2009 Wadenmark walijaribu kwa wagonjwa 1,400, wasione tofauti ya maana. Shirika la Afya Duniani lilishauri asilimia 80 mwaka 2016 kwa watu wazima wenye mpira kooni, kisha mwaka 2018 likaulegeza ushauri huo. Kwa maoni yetu, hospitali yenye mitungi michache isione haya kwa kutofikia 80. Kubwa ni mgonjwa asipungukiwe.

Na hupungukiwa hasa saa za kwanza baada ya upasuaji, wakati usingizi haujamtoka na maumivu yanamzuia kuvuta pumzi ndefu. Ndipo hubanwa kidoleni kile kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu. Kikisoma 95 na zaidi, ni shwari. Chini ya 90 ni hatari. Hina, piko na rangi ya kucha huweza kukipotosha, basi akina mama wa pwani wanaokwenda kujifungua kwa upasuaji wamwambie muuguzi abane pengine, kama kwenye ndewe ya sikio. Tena mwaka 2020 ilionekana huko Marekani kwamba kifaa hiki kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe atazamwe pia: akihema mbio au akianza kuweweseka, mwiteni muuguzi hata kama namba ni nzuri.

Anayengoja upasuaji aache sigara angalau wiki 4 kabla, kwani moshi wake hukalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mwenye upungufu wa damu atibiwe kwanza, ikiwezekana. Shehena ikiwa tele na mashua ni moja, mzigo hubaki pwani. Akishapasuliwa, msaidieni kukaa kitako, avute pumzi ndefu kila saa, akohoe huku ameshikilia mto juu ya kidonda.

Na penye oksijeni, kiberiti, sigara, kandili na chetezo cha ubani visisogezwe kabisa. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini cheche ndogo ikiipata hugeuka moto mkubwa mara moja, na shuka la mgonjwa ndilo la kwanza kushika.